Mwanafunzi wa Mbali Hangoji Sauti, Angoja Jibu

Kila kipatikanapo chombo kipya cha kupelekea habari, hawakosekani watu wa kutangaza kwamba sasa darasa limekwisha na mwalimu amepitwa na wakati. Mwaka 1913 Thomas Edison, yule mvumbuzi mashuhuri wa Marekani, alisema kwamba sinema itachukua mahali pa vitabu, na kwamba mpango mzima wa shule utageuka katika muda wa miaka kumi. Miaka kumi ikapita, ikapita na kumi nyingine, na vitabu vingali mezani. Baada ya sinema ikaja redio, kisha televisheni, kisha satelaiti, kisha kompyuta na intaneti; na leo maneno yale yale yanasemwa juu ya akili bandia.

Sisi hatumo miongoni mwa wanaozibeza zana hizo. Nchi kama Uganda haina anasa ya kuzibeza. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliweka lengo kwamba mwalimu wa kila ngazi awe na shahada ya chuo kikuu. Walimu walioanza kazi kwa cheti cha Daraja la Tatu wamo katika kila wilaya, tangu Kisoro hata Kotido, na wengi wao wana watoto wa kulisha na darasa la kufundisha. Hawawezi kuacha kazi waende kukaa Kampala miaka mitatu. Ikiwa wao hawawezi kukifuata chuo kikuu, hapana budi chuo kikuu kiwafuate wao, na hakina njia ya kuwafuata ila kwa posta, kwa redio, kwa simu na kwa kompyuta.

Basi swali si kama zana hizi zitumike. Swali ni zitumike namna gani hata mwanafunzi aelimike kweli, asije akalipa ada kwa miaka mitatu na kupewa karatasi tu. Tukitazama historia ya masomo ya mbali, tangu enzi za stempu hadi enzi za simu za mkononi, twaona kanuni moja ikijirudia. Chombo kilichomsaidia mwanafunzi ni kile kilichokuwa na njia mbili, ya kwendea somo na ya kurudia swali. Palipokuwa na njia moja tu, chombo kilisifiwa sana siku za mwanzo, kisha kikaachwa.

MASOMO KWA POSTA

Mwaka 1840 serikali ya Uingereza ilianzisha posta ya bei nafuu, ambapo barua ilifika popote nchini kwa peni moja. Mwalimu mmoja wa mji wa Bath, Isaac Pitman, aliona fursa katika jambo hilo. Alikuwa amebuni namna ya kuandika kwa mkato, nayo ndiyo hati mkato waliyoijua makarani wetu hata miaka ya karibuni. Akaanza kuwapelekea watu kadi zenye masomo ya hati hiyo. Lakini hakuishia hapo. Mwanafunzi alitakiwa kunakili kifungu fulani kwa hati mkato na kukirudisha kwa posta. Pitman alikisahihisha, akampelekea tena. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza masomo ya posta yalikuwa safari ya kwenda na kurudi.

Chuo Kikuu cha London kilishika njia nyingine. Tangu mwaka 1858 kilimruhusu mtu, akae Uingereza au kokote kule, kufanya mitihani yake na kupata shahada. Ulikuwa ukarimu mkubwa kwa zama zile. Hata hivyo, chuo kilitahini tu, hakikufundisha. Mtahiniwa alijitafutia vitabu na mwalimu mwenyewe, na asiyekuwa na fedha za kumlipa mwalimu alijisomea gizani mpaka siku ya mtihani. Makerere ilipofungamana na London mwaka 1949, mkataba ulikuwa wa namna nyingine: wahadhiri walifundisha papa hapa Kampala, na shahada ikatolewa kwa jina la London. Waliofanya mapatano hayo walifahamu kwamba mtihani peke yake haumpi kijana elimu.

Kusini mwa bara letu, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Miongoni mwa waliojisajili kwake walikuwamo wafungwa wa siasa wa kisiwa cha Robben. Wakuu wa gereza walijua thamani ya barua zile, kwani mojawapo ya adhabu zao ilikuwa kumnyang'anya mfungwa ruhusa ya kusoma. Nelson Mandela aliendelea na masomo ya sheria kifungoni, na mwaka 1989, miezi michache kabla ya kufunguliwa, alipata shahada ya sheria ya chuo hicho. Hapakuwa na mtambo wowote wa ajabu katika habari hiyo. Palikuwa na kitabu, kalamu na barua iliyokwenda ikarudi.

CHUO KIKUU CHA HEWANI

Wengi huutaja Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kama ushahidi wa nguvu za redio na televisheni. Na kweli, Harold Wilson alipotoa wazo hilo mwaka 1963, kabla hajawa Waziri Mkuu, alikiita chuo kikuu cha hewani. Hati ya kukianzisha ilitolewa mwaka 1969, na Januari 1971 wanafunzi wapatao 24,000 walianza masomo. Shirika la utangazaji la BBC likarusha vipindi vyake alfajiri na usiku, na picha za wahadhiri wenye ndevu, wakichora ubaoni, zikawa sehemu ya maisha ya taifa lile.

Lakini ukichunguza jinsi mwanafunzi wa chuo hicho alivyoitumia juma lake, utakuta kwamba televisheni ilichukua sehemu ndogo tu ya saa zake. Saa nyingi alizitumia kusoma vitabu vilivyoandikwa makusudi kwa ajili ya mtu asomaye peke yake, vyenye maswali kila baada ya kurasa chache. Waliosoma sayansi walipelekewa sanduku la vifaa nyumbani, na ndani yake mlikuwamo hata hadubini ndogo. Zaidi ya hayo, kila mmoja alikuwa na mkufunzi wake, mtu mwenye jina na anwani, aliyesoma insha zake, akaandika maoni pembeni, na kuzirudisha. Palikuwapo vituo vya kukutania katika miji, na wiki moja ya masomo ya ana kwa ana wakati wa kiangazi.

Vipindi vile vya masomo katika televisheni vilikomeshwa mwaka 2006. Chuo hakikufa, kiliendelea. Kama televisheni ingalikuwa ndiyo moyo wake, kingalizimika pamoja nayo. Kilichobaki ni kitabu kizuri na mkufunzi ajibuye, ijapokuwa sasa vyote viwili husafiri kwa intaneti.

Tanzania, jirani zetu, waliielewa sehemu hiyo ya fundisho. Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ilipitishwa mwaka 1992, na chuo kikajengwa juu ya mtandao wa vituo vya mikoa. Mwanafunzi wa Songea au wa Kigoma hakutakiwa kulitazama jengo la Dar es Salaam kwa mbali. Alikuwa na mlango wa kubisha mkoani kwake.

REDIO YA JANGWANI

Kuna kisa kingine ambacho wanafunzi wetu wanaotumia kompyuta hawakijui, ingawa matunda yake wanayo mikononi. Katika jangwa la Australia familia za wafugaji hukaa mbalimbali, jirani mmoja akiwa mwendo wa siku nzima kutoka kwa mwingine. Madaktari wa huko waliotembelea wagonjwa kwa ndege walikuwa na mitambo ya redio ya kupokea na kujibu. Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs, mitambo hiyo ilianza kutumiwa kufundishia watoto, na shule hiyo ikaitwa Shule ya Hewani. Tofauti yake na redio ya kawaida ilikuwa moja, nayo ni kubwa: mtoto aliweza kubonyeza kitufe akamjibu mwalimu, na wenzake waliotawanyika jangwani wakasikia.

Mmoja wa watoto wa jangwa hilo waliosoma kwa redio ni Martin Dougiamas. Alipokua akawa mtaalamu wa kompyuta, na mwaka 2002 alitoa programu iitwayo Moodle, ambayo chuo chochote huweza kuitumia bila kununua kibali. Ndani yake mwalimu huweka masomo, wanafunzi hujadiliana, kazi hupokelewa na kurudishwa zikiwa na alama na maelezo. Mtandao wa masomo wa Makerere, uitwao MUELE, umejengwa juu ya programu hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mbale afunguapo ukurasa wake wa masomo, anatumia chombo kilichobuniwa na mtu ajuaye tangu utotoni kukaa mbali na mwalimu. Milango ya majibu imo ndani yake tayari. Kinachobaki ni kama upande wa pili yupo mtu wa kuifungua.

MIKUTANO ISIYO NA MWALIMU

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao, na Uganda ikawa miongoni mwa nchi za majaribio. Mihadhara, mingi ikitoka Marekani, ilirushwa kwa satelaiti hadi katika vyumba vya vyuo vyetu. Picha zilikuja kwa njia moja. Swali la mwanafunzi lilirudi kwa simu, na simu ya ng'ambo katika siku zile ilikuwa ghali na yenye kukatikakatika. Mwaka 2002 makao yake yalihamishiwa Nairobi, na kazi yake ikageuka kuwa kushirikiana na vyuo vya Kiafrika kutunga kozi zao wenyewe. Mageuzi hayo yalikuwa ya busara, kwa kuwa mhadhiri wa karibu ajua mwanafunzi wake amekwama wapi.

Nchi tajiri nazo zilipitia somo hilo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2011 walimu wawili mashuhuri, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua kozi ya bure ya akili bandia katika intaneti, kupitia Chuo Kikuu cha Stanford. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha, idadi ambayo hakuna ukumbi duniani uwezao kuipokea. Waliomaliza walikuwa kama 23,000. Si haba, na hatuwadharau; lakini kwa kila watu saba walioingia, sita waliachwa njiani.

Jaribio la Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose, huko California, linafundisha zaidi, maana lilifanywa kwa namna mbili chuoni humo humo. Mwishoni mwa mwaka 2012 mwalimu mmoja wa uhandisi aliwapa wanafunzi wake mihadhara ya intaneti waitazame nyumbani, kisha saa za darasa akazitumia kujibu maswali na kufanya mazoezi pamoja nao. Katika kila wanafunzi 100, 91 walifaulu, na madarasa mengine ya somo hilo yaliachwa mbali sana. Mapema mwaka 2013 chuo kikajaribu kozi za hesabu na takwimu zilizoendeshwa karibu zote kwa intaneti, wengi wa wanafunzi wakiwa wale waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Zaidi ya nusu walishindwa, na Julai mwaka ule mpango ukasimamishwa.

Mara zote mbili wanafunzi walitazama mihadhara katika kioo. Mara ya kwanza mwalimu alikuwa karibu kuwatoa walipokwama. Mara ya pili karibu kila kitu kiliachiwa mtambo. Tena yafaa tuangalie ni nani aliyeumia. Mwanafunzi hodari hujisaidia hata kwa kitabu kilichochanika. Anayeangushwa na mtambo usiojibu ni yule yule ambaye mtambo uliletwa kumwinua.

HAPA KWETU

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada kwa wanafunzi wa nje mwaka 1991, kwa masomo ya ualimu na ya biashara. Mpango ulikuwa mzuri: vitabu vya masomo vilivyopigwa chapa, vituo katika miji kama Jinja, Mbale, Lira na Fort Portal, na vipindi vya ana kwa ana kila muhula. Simu za mkononi zilipoenea, idara ya masomo ya mbali ilijaribu kuwapelekea wanafunzi ujumbe mfupi, kwani walimu wengi walikuwa na simu hata pale ambapo hapakuwa na umeme. Ujumbe huo uliwaarifu siku za mitihani na za kukutana, ukawatia moyo na kuwapongeza. Kwa mtu aliye peke yake kijijini, kupata neno kutoka chuoni ni jambo kubwa. Jaribio kama lile linaonyesha kwamba hata chombo duni huweza kumshika mwanafunzi mkono.

Mwaka 2009 mkonga wa chini ya bahari ulifika Mombasa, na intaneti ya Uganda, iliyokuwa ikitegemea satelaiti, ikapata njia pana zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2006, vyuo na taasisi za utafiti nchini vilikuwa vimeungana kuunda mtandao wao, RENU, ili vipate huduma ya pamoja kwa bei iliyo nafuu.

Kisha ikaja mwaka 2020. Tarehe 20 Machi vyuo na shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kurudi tarehe 15 Oktoba, lakini Juni 2021 milango ikafungwa tena, na vyuo vikuu havikufunguliwa mpaka Novemba. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilitoa mwongozo wa masomo ya mtandao wakati wa dharura, na makampuni ya simu yakakubali kwamba kurasa za masomo za vyuo zifunguliwe bila malipo. Hizo zilikuwa hatua za kusifiwa. Lakini dharura ile ilifichua mambo mawili ambayo yasisahauliwe kwa kuwa tu milango imefunguliwa.

Jambo la kwanza ni gharama. Kumtazama mhadhiri kwa picha muda wa saa moja kwaweza kula megabaiti mia kadhaa. Sauti yake peke yake, ikirekodiwa kwa kiasi, haizidi megabaiti 15 au 20. Maneno yake yakiandikwa, hayafiki hata moja. Ahadi ya kufungua kurasa bila malipo ilihusu mitandao ya vyuo. Mwanafunzi aliyeelekezwa kwingine kutazama picha alilipa kama mtu mwingine yeyote. Tangu tarehe 1 Julai 2021 data ya intaneti ilianza kutozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria yenyewe ilitenga data itumikayo kwa huduma za elimu na za matibabu, na nia hiyo ni njema. Lakini mwalimu wa Kotido anunuapo kifurushi cha data kibandani, muuza kifurushi atajuaje kwamba ni cha masomo? Msamaha usioweza kumfikia mlengwa hubaki katika vitabu vya sheria.

Jambo la pili ni kazi ya kujibu. Tuseme mhadhiri mmoja ana wanafunzi 200, na kila insha yahitaji dakika 20 kusomwa na kuandikiwa maoni ya haki. Hizo ni dakika 4,000, yaani saa zipatazo 67, karibu majuma mawili ya kazi kwa insha moja tu. Ratiba ya mhadhiri huhesabu saa za kusimama ukumbini. Saa hizi 67 aghalabu hazionekani popote. Matokeo yake yatabirika. Mhadhara utapandishwa katika mtandao, kazi zitapokelewa, na zitarudi na alama tupu, au zitarudi mtihani ukiwa umepita, au hazitarudi kabisa. Si uvivu wa mtu, bali ni hesabu isiyokubali.

MTAMBO UNAOJIBU

Msomaji huenda akauliza: je, akili bandia haijalitatua tatizo hili? Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipotolewa programu ziwezazo kuzungumza kwa lugha ya watu, mwanafunzi huweza kuuliza swali usiku wa manane na kujibiwa papo hapo. Huu ndio mtambo wa kwanza katika historia tuliyoisimulia unaojibu wenyewe, na itakuwa ukaidi kutolitambua hilo.

Lakini kuna majibu ya namna mbili. Mwaka 2024 watafiti walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa nchini Uturuki miongoni mwa wanafunzi wa hesabu wapatao 1,000. Walikuwa wa sekondari, si wa chuo kikuu, ila mafunzo yake yatuhusu. Kundi moja lilipewa programu ya kawaida ya akili bandia wakati wa mazoezi, na alama zao za mazoezi zilipanda kwa asilimia 48. Programu ilipoondolewa na mtihani ukafika, alama zao zilikuwa asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuitumia. Walikuwa wameazima akili, na siku ya mtihani mwenyewe akachukua yake. Kundi jingine lilipewa programu iliyozuiwa isitoe jibu, bali itoe vidokezo vilivyotayarishwa na walimu. Hao hawakupata hasara ile.

Hapa tena twamwona mwalimu, safari hii akiwa nyuma ya pazia. Mtambo ulifaa pale ambapo mtu ajuaye somo na ajuaye makosa ya kawaida ya wanafunzi alikuwa ameshauwekea mipaka. Tena mtambo huo hukosea kwa sauti ya uhakika, na mwanafunzi aliye mbali, asiye na mwenzake wa kumwuliza, ndiye mwepesi zaidi wa kuamini kosa. Basi akili bandia na ipokewe kama msaidizi wa mkufunzi, ipunguze zile saa 67, isiwe sababu ya kumwondoa.

YAFAAYO KUTENDWA

Kwa maoni yetu, mambo matano yako ndani ya uwezo wa nchi hii bila kungoja mtambo mwingine uvumbuliwe.

Mosi, kila kozi ya mbali itamke waziwazi, kabla mwanafunzi hajalipa ada, ni nani atakayemjibu na katika muda wa siku ngapi. Mwuza saruji huulizwa atapeleka lini mzigo. Kwa nini muuza elimu asiulizwe?

Pili, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu linapokagua chuo, lisitosheke na kuhesabu kompyuta. Na lichukue insha 20 zilizokwisha sahihishwa, lisome maoni yaliyoandikwa, na litazame tarehe ya kupokelewa na ya kurudishwa. Karatasi hizo 20 zitasema mengi kuliko ukumbi wa mitambo.

Tatu, saa za kujibu zihesabiwe kuwa kazi na zilipwe. Wako walimu wenye shahada za juu katika sekondari na vyuo vya wilaya ambao, wakifunzwa kidogo, wangeweza kuwa wakufunzi wa makundi madogo karibu na wanafunzi walipo. Uingereza ilifanya hivyo tangu 1971 kwa wakufunzi wa muda.

Nne, masomo yatayarishwe kwa ajili ya mkoba wa mwanafunzi, si kwa ajili ya sifa za chuo. Maandishi kwanza, sauti baadaye, picha pale tu zinapohitajika, kama katika upasuaji wa chura au ufundi wa mitambo. Kurasa za masomo zilizofunguliwa bila malipo wakati wa korona na ziwe bure daima, na msamaha wa ushuru upewe njia ya kumfikia mwanafunzi mwenyewe.

Tano, vituo vya mikoa vihuishwe. Chumba kimoja chenye umeme wa jua, kompyuta chache, vitabu na mtu wa kuulizwa kinaweza kumwokoa mwalimu wa mbali na safari ya Kampala, na kumkutanisha na wenzake watano wanaosumbuliwa na somo lile lile. Mara nyingi mwenzio ndiye jibu la kwanza.

Hatusemi kwamba haya ni mepesi. Fedha ni chache, na kununua mtambo hupendeza zaidi kuliko kulipa mishahara ya wasahihishaji, maana mtambo huweza kuzinduliwa kwa utepe na kupigwa picha, wala hakuna sherehe ya insha iliyorudishwa kwa wakati. Lakini nyuma ya kila mwalimu anayesoma kwa mbali kuna darasa la watoto wasiopungua 50 au 60. Akielimika kweli, wataelimika nao. Akipewa shahada bila kupewa elimu, wao ndio watakaolipa, na watailipa kwa miaka mingi baada ya sisi kusahau jina la programu iliyotumika.

Mitambo itaendelea kuja, mingine bora kuliko hii tunayoijua. Kila unapoletwa mmoja mbele ya mabaraza ya vyuo vyetu kwa sifa na vigelegele, twaomba wakubwa wetu wauulize swali moja kabla ya kutia sahihi: mwanafunzi akikwama huko aliko, nani atamjibu, na lini?